Bwawa Langu la Chenga, Juu ya Kanzu Thelathini na Mbili

Ukijumlisha yote, bwawa lile lilinigharimu magunia kumi na mawili ya chenga za makaa, suruali moja ya kitambaa na mchana mzima wa Jumamosi. Nimehesabu mara mbili.

Ilikuwa Mathare, miaka ya tisini, pale mteremko unapoelekea mtoni. Nilikuwa nanunua chenga zinazofagiwa kwenye depo za makaa, nusu yake mchanga na mawe. Nazimwaga kwenye maji: makaa yanaelea, uchafu unazama. Naengua ya juu, nachanganya na udongo mwekundu, naviringa madonge ya kuchemshia maharagwe. Tope jeusi linalobaki nililizuia kwa ukuta wa magunia kumi na manne. Ndani ya magunia? Chenga ambazo sijaziosha. Ninunue mchanga wa kujengea na bidhaa ninayo?

Chini ya ukuta aliishi mama mmoja kutoka magharibi mwa nchi, mfuaji wa kanzu za kanisa lao. Nyeupe zote. Kila Jumamosi alizianika kwa ibada ya kesho yake.

"Jirani, hiyo kitu ikipasuka?"

"Mama, ukuta huu ni mzito kuliko kanisa lako lote."

"Kanisa letu halijakaa juu ya mlango wa mtu."

Nikapanda juu ya ukuta, nikarukaruka ili aone. Akatikisa kichwa, akarudi kwa karai lake.

Jumamosi hiyo akaja mteja wa Majengo akitaka magunia mawili ya chenga hivyo hivyo, bila kuoshwa. Stoo ilikuwa tupu. Tulivutana kwa bei hadi akaanza kuondoka, akarudi, akaanza tena. Mwishowe nikamtolea mawili ya katikati ya safu ya juu ya ukuta. Nikapima pengo: tope liko chini yake kwa shubiri mbili. Nikapima tena. Mbili.

Kisha, kwa mazoea tu, nikamwaga bwawani madebe manane ya maji niliyooshea chenga za asubuhi.

Maji yakapanda, yakachungulia kwenye pengo, yakaanza kulilamba. Niliangalia chini: kanzu thelathini na mbili zinapepea. Huku juu hakukuwa na gunia, hakukuwa na jiwe. Nilikuwa na makalio. Nikaketi pengoni, mgongo kwenye tope, miguu ikining'inia upande wa kanzu, na maajabu ni kwamba nilitosha kama kizibo.

"Mama! Anua nguo!"

Akatoka, akaniangalia kwa utulivu wa mtu ambaye hadaiwi kodi.

"Unafanya nini huko, baba?"

"Nimepumzika. Anua."

Alianua moja moja, akizikunja. Tope lilikuwa linapita kiunoni, baridi, na mimi nacheka peke yangu kama mwendawazimu, maana kila nilipocheka ukuta ulicheka nami.

"Thelathini na moja," akasema.

"Hesabu tena, mama, nakuomba."

Akahesabu tena. Thelathini na mbili. Akaziingiza ndani, akafunga mlango, akaweka gunia kizingitini, kisha akasimama mbali kidogo, mikono kiunoni, akifurahia.

"Kanzu ziko salama," nikamwambia. "Sasa nishauri, mama yangu. Mimi hapa naondokaje?"