Boni Tulizokata kwa Makasi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika bandarini na viatu vipya, na Chefu wa gishe, yaani mkuu wa dirisha la tiketi, hakuviangalia hata kidogo. Alinipa karatasi na kalamu akasema, "Andika jina yako mara kumi." Nikaandika. Akayalinganisha majina yote kwenye mwanga wa dirisha, kisha akaitikia kwa kichwa: "Ziko sawasawa. Utakaa hapa kwa dirisha." Hivyo ndivyo nilivyoanza kuuza tiketi za boti ya Goma. Shukrani ziwaendee masista walionichapa vidole mpaka mwandiko ukanyooka.

Ninyi vijana wa Bukavu mnaolalamika kwamba dukani mnarudishiwa peremende badala ya chenji, hamjaona kitu. Wakati ule noti ndogo zilikauka mji mzima. Abiria alileta noti kubwa, na sisi hatukuwa na cha kumrudishia. Tulijaribu viberiti. Mama mmoja muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, alinirushia kiberiti changu kupitia dirishani. "Mi nitalisha batoto kiberiti?" aliniuliza.

Direkta wa kampuni ya boti akaamua tutoe boni, yaani karatasi inayosimama mahali pa chenji. Tulishona vitabu vya karatasi ngumu. Kila ukurasa ulikuwa na sehemu mbili: upande wa kulia ni boni anayoondoka nayo abiria, upande wa kushoto ni kishina kinachobaki kitabuni. Namba iliandikwa pande zote mbili, muhuri ukagongwa, halafu sahihi yangu. Na hapo Chefu wa gishe alileta ujuzi wake. Alikataza rula. Boni ilikatwa kwa makasi, mkono ukiyumba unavyotaka, ili kila ukingo uwe na mapindo yake.

"Mwizi ataiga muhuri," alisema, "lakini hataiga fasi mukono yako iliteleza."

Boni ikirudi, tuliilaza kando ya kishina chake. Kingo zikikutana, tulilipa na kuirudisha boni kitabuni. Zisipokutana, hatukulipa, hata kwa machozi. "Ukihurumia karatasi moja ya bongo," alinionya, "kesho zitakuya mia." Bongo kwetu ni kitu cha uongo.

Boni zile zilitembea kuliko boti yenyewe. Zilinunua nyanya sokoni, ziliingia kwenye kikapu cha sadaka, na watu waliziita "karatasi za Maman Furaha." Maman Furaha ni mimi. Nakiri nilijivuna.

Baadaye nilihamishiwa bohari la mizigo, chini ya Chefu mwingine aliyependa kelele. Noti ndogo zikarudi mjini. Direkta mpya akatangaza siku chache za kubadilisha boni, kisha akasema zimekufa, na vitabu vya vishina vichomwe. Nikamwendea kumwomba anipe.

"Za nini, Maman?"

"Ziko na jina yangu."

Akacheka. "Beba basi, utawashia mbabula."

Sikuwashia mbabula, jiko langu la makaa. Watu waliochelewa walianza kuja nyumbani kwangu Nyalukemba, maana muhuri ulikuwa wa kampuni lakini sahihi ilikuwa yangu. Ningewaambia nini? Niliwapa mkate, kikombe cha sambaza, kipande cha sabuni, kwa kadiri ya nilichokuwa nacho. Kila boni iliyorudi niliibandika kwenye kishina chake kwa fufu laini, yaani ugali wa muhogo, kama tulivyozoea kubandika madaftari ya watoto. Mume wangu, Mungu amrehemu, alisema nimeolewa na makaratasi. Nilimjibu kwamba makaratasi hayakoromi.

Kampuni ilipofungwa na mimi nikastaafu, vitabu vilikuwa vinakaribia kujaa. Mwalimu mmoja wa historia akaja na wanafunzi wake kuviona, akaniambia hiyo ni kolekshon, mkusanyiko wa thamani. Neno hilo likanipanda kichwani. Kitabu cha kwanza kilibakiwa na nafasi moja tu, na mimi nikaanza kuitafuta boni ile kuliko nilivyowahi kutafuta mshahara. Niliuliza bandarini, niliuliza kanisani. Nilitaka kitabu kikamilike.

Basi Jumapili moja, watu wametoka misa na majirani wamejaa kwenye uwanja wangu, akafika mzee mmoja mwembamba. Alijitambulisha: Papa Kitoga, mtu wa Shabunda, aliyechimba dhahabu miaka mingi na sasa anakaa mtaa wa Kasha kwa binti yake. Alifungua kitambaa akatoa boni. Niliisoma namba. Ilikuwa ile ile.

Nikaleta kitabu mbele ya wote, kwa madaha. Nikailaza boni kando ya kishina. Kingo hazikukutana. Nikageuza, nikajaribu tena. Hapana.

"Papa, hii ni ya bongo," nikasema.

"Maman, mi niliona weye mwenyewe ukiandika jina yako hapa. Ulikuwa mwembamba ile wakati."

Watu wakacheka, nami nikakasirika. Nilisema kwa sauti kwamba nimefanya kazi ya gishe tangu ujana na najua mwizi akifika. Neno mwizi nililisema mara mbili. Papa Kitoga aliacha boni mezani, akakunja kitambaa chake kitupu, akaondoka.

Siku chache baadaye niliketi na kitabu kile juani, na miwani. Vishina vilivyopakana na kile cha Papa Kitoga vilikuwa na vitobo vidogo kila mahali fufu langu lilipogusa. Mende. Nilipobandika boni kwenye vishina hivyo, fufu lilifurika likakilowesha kishina chake pia, na mende wakaja wakala ukingo. Pale palipobaki salama, chini kabisa, upana wa kidole hivi, niliilaza boni yake. Ilikutana pindo kwa pindo.

Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka. Mzee wa watu alikuwa ametunza karatasi yangu miaka yote ile, katika migodi na mvua ya Shabunda. Mimi niliyekiweka kishina kabatini ndiye niliyelisha mende.

Nilipanda Kasha, nikaulizia nyumba hadi nyumba. Nilimkuta anamenya muhogo. Nikamweleza yote, nikatoa franga za boni yake na kilo mbili za sambaza.

"Sambaza, mupatie binti yangu," alisema. "Franga, bakia nayo. Weye uliniita mwizi mbele ya batu. Ita bale batu."

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, niliwaita. Nilisimama kwenye uwanja ule ule na kusema: "Huyu Papa haiko mwizi. Boni yake ni ya kweli. Mi ndjo nilikosa, na nilimusingizia." Jirani yangu mmoja, aliyecheka sana mara ya kwanza, alitoka akamshika Papa Kitoga mkono. Tukanywa chai. Nikamwonyesha nafasi yake kitabuni, na kopo la fufu nikiwa nimeshalitayarisha, safari hii nimelichanganya na dawa ya mende.

Papa Kitoga akanyoosha mkono. "Ile karatasi yangu, unipe."

"Papa, nitakulipa mara mbili."

"Hapana. Bajukuu bangu walisikia habari ya mwizi. Nitabaonyesha."

Nilimpa. Akaifunga kitambaani, akaaga. Wanafunzi wa mwalimu wanapokuja sasa huuliza kwa nini kitabu cha kwanza kina nafasi tupu katikati, na mimi nawaambia kwamba mwenyewe alikuja kuichukua boni yake.