Barua yangu yenye "beseech" saba, na binti aliyerudi na tranka lake

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Juzi kuna mdau humu aliuliza kama neno beseech bado linafaa kwenye barua rasmi. Ameliona kwenye karatasi ya zamani, limempendeza. Wengi mlimjibu kwa utani. Mimi nilishindwa kucheka, ndiyo maana nafungua uzi huu.

Ninayosimulia yametokea. Majina ya watu nimebadilisha. Ujinga ni wangu, nimeuacha ulivyo.

Kwa asiyelijua neno lenyewe: beseech ni kuomba, ila ni kuomba ukiwa umepiga magoti. Utalikuta kwenye sala za Kiingereza cha kale na kwenye barua za makarani wa zamani. Hakuna mtu anayelisema sokoni. Ni neno la kuandikwa, na anayeliandika huwa anajisikia amevaa tai.

Mimi nililivaa mwaka wa mvua za Elnino.

Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, nipo likizo nyumbani Ifakara, mtaa wa Viwanja Sitini. Wakati huo mtaa wetu haukuwa na wanachuo wengi, kwa hiyo niliitwa Msomi. Niliitikia bila aibu. Nilikuwa natembea na kalamu mfukoni hata nikienda kisimani.

Jirani yetu Mama Redempta alikuwa na binti mmoja, Redempta mwenyewe. Mwaka ule alichaguliwa kwenda kidato cha kwanza, shule ya serikali ya bweni, mkoa mwingine. Vijana wa sasa mtaona ni jambo la kawaida. Enzi zile darasa zima lingeweza kumaliza la saba akachaguliwa mmoja, au asichaguliwe yeyote. Pale shuleni kwao alichaguliwa yeye peke yake.

Sasa, wenyeji wa bonde la Kilombero mnajua maisha yetu ya mpunga. Nyumba iko mjini, shamba liko ng'ambo ya mto. Mvua zikianza familia inahamia shamba, inakaa kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti, miezi kadhaa. Mama na binti walikuwa huko wanalima, wakijua watarudi mapema kumwandaa mtoto.

Maji yakaja kabla yao.

Mto ulitapika, kivuko kikasimama, na mitumbwi ikagoma kwa sababu mkondo ulikuwa unabeba miti mizima. Walikaa juu ya dungu siku tisa. Walipovuka, siku ya kuripoti ilikuwa imeshapita, na fomu ilisema atakayechelewa wiki mbili bila sababu, nafasi yake anapewa mwingine.

Mama Redempta alikuja kwetu hata matope hajanawa.

"Shikamoo mama," nikamwambia.

"Marahaba, baba. Afadhali nimekukuta. Niandikie barua kwa mkuu wa shule. Mwambie Redempta amekwama na maji, kivuko kimesimama siku tisa, sasa tumevuka, tunakuja. Asimpe mtu nafasi ya mtoto wangu."

Wakuu, yasomeni tena maneno hayo. Barua ilikuwa imekwisha pale pale. Kilichobaki kilikuwa kuyaandika na kusaini.

Lakini mimi nilikuwa Msomi. Nikamwambia fomu ya shule imeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo na barua iende kwa Kiingereza, tena kile kizito, ili mkuu wa shule ajue mtoto ana watu nyuma yake. Mama akafurahi. Akasema, "Wewe ndiye unayejua lugha ya ofisini."

Nikaazima mashine ya kuchapa ya parokia. Nikakaa barazani asubuhi nzima. Ilianza hivi, naikumbuka mpaka leo:

I most humbly beseech your esteemed office to look with mercy upon my beloved daughter.

Yaani, naiangukia ofisi yako tukufu imtazame kwa huruma binti yangu mpendwa. Kisha nikaangukia tena. Nikaangukia hekima ya mkuu, nikauangukia moyo wake wa ulezi, nikaliangukia taifa. Kurasa mbili, beseech saba. Nilipomaliza nikawasomea Mama Redempta na binti yake huku nikitafsiri, mama yangu akiwa anachambua mchele.

Mama yangu aliishia darasa la nne. Akanyanyua kichwa.

"Beno, na maji umeyaweka wapi?"

"Yapo mama. Hapa nimeandika majaliwa yasiyozuilika."

"Hayo ndiyo maji?"

"Mtu aliyesoma ataelewa."

"Na huyo mkuu asipokuwa amesoma kama wewe?"

Mama Redempta akamkatiza. "Mama Beno, mwache mtoto. Sisi tunajua jembe, yeye anajua barua."

Wakacheka wote. Redempta, aliyekuwa kakaa kwenye kizingiti, hakucheka. Aliuliza tu kama anaweza kuishika ile karatasi. Akaishika kwa ncha za vidole ili asiichafue.

Sasa sikieni kosa langu kubwa zaidi, maana barua peke yake isingemuua mtu.

Mama Redempta alitaka kuondoka na mtoto kesho yake. Treni ilikuwa inapita kwa kusuasua, lakini ilikuwa inapita. Mimi nikamzuia. Nikamwambia barua ya namna hii husubiriwa majibu, ukimfikisha mtoto getini kabla ya majibu itaonekana hatuna adabu. Hilo sikulisoma chuo chochote. Nililitunga pale pale, kwa sababu nilitaka barua yangu ijibiwe.

Akaniamini. Tukaiweka posta, tukasubiri.

Kila siku Redempta alipita posta, akirudi ananiambia, "Kaka, bado." Tranka lake la bati lilikuwa limeshapangwa. Ndoo, jembe na fyekeo vilikaa juu yake, kama fomu ilivyoagiza.

Jibu lilikuja kwa Kiswahili, mistari miwili. Barua yako imepokelewa. Tafadhali taja jina la mwanafunzi na sababu ya kuchelewa.

Nililisoma nimesimama, nikakaa. Kurasa mbili nzima, na sikuwa nimeandika jina la mtoto. Nilimwita my beloved daughter kuanzia juu mpaka chini.

Tuliondoka siku hiyo hiyo, sisi watatu. Mkuu wa shule alikuwa mama wa makamo, na kumbe alikuwa akifundisha Kiingereza. Barua yangu alikuwa nayo kwenye faili. Pembeni mwa kila beseech alikuwa ameweka alama ndogo ya kuuliza kwa penseli.

Mama Redempta alipiga goti na kueleza. Maji, dungu, kivuko, siku tisa. Alitumia dakika moja.

Mkuu wa shule akavua miwani. "Mama, inuka. Nafasi nimeitoa Ijumaa. Mtoto aliyepewa ameshafika, yuko darasani. Nimfukuze?"

Mkuu akaweka kidole juu ya barua yangu.

"Mzazi mwingine wa huko huko kwenu aliniandikia kwenye karatasi ya daftari, kwa Kiswahili. Mafuriko, mwanangu fulani, naomba siku kumi. Nikamtunzia. Hii ya kwako nimeisoma mara tatu. Nilijua mtu analia. Sikujua analilia nini."

Kisha akauliza, "Nani aliandika?"

Nikasema ni mimi. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alinirudishia barua, na Mama Redempta akaipokea kabla yangu, akaikunja vizuri, akaifunga kwenye kanga.

Tukapanda treni ya kurudi na tranka lile lile. Ilipofika Mang'ula, karibu na kwetu, Redempta alilivuta lile fyekeo karibu na miguu yake ili abiria wasijikate. Ndipo mama yake akasema, "Barua ilikuwa nzuri, baba. Wale wa shule ndio wenye roho mbaya."

Alisema vile kunifariji. Baadaye nikagundua alikuwa anaamini.

Nimeifikiria beseech kwa miaka mingi. Kwenye sala inafanya kazi, tena vizuri, kwa sababu unayemwomba anajua tayari jina lako na shida yako. Huna haja ya kumweleza Mungu kwamba kivuko kimesimama. Binadamu aliyekaa mezani na faili mia hajui. Mimi nilimwandikia mwalimu kama vile namwandikia Mungu, nikamnyima taarifa.

Miaka mingi ikapita. Mama yangu alipofariki nilikwenda kuzika Ifakara, nikahitaji kuongezewa siku za ruhusa kazini. Nikaelekezwa kibanda cha stationery, mtu wa kuchapa na kutuma. Nikaingia.

Alikuwa Redempta. Mama mtu mzima, miwani imening'inia kifuani. Alijifunza kuchapa parokiani, labda kwenye mashine ile ile. Sikuuliza.

"Shikamoo kaka. Pole kwa Mama Beno. Alikuwa ananipenda."

"Marahaba. Nimeshapoa. Mama yako hajambo?"

"Yupo. Barua yako bado anayo. Wageni wakija anawaonyesha, anasema Viwanja Sitini haijapata kuandikwa nyingine kama ile."

Nikaanza kumsomea barua yangu ya ruhusa: kwa unyenyekevu mkubwa na majonzi yasiyo na kifani...

Hakuchapa. Vidole vilikaa juu ya kibodi.

"Kaka, marehemu anaitwa nani?"

Nikamtajia jina la mama yangu, kamili, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Lini?"

"Jumanne."

"Siku ngapi?"

"Saba."

Akachapa mistari mitatu, akaituma. Ruhusa ilikuja kabla sijamaliza kunywa soda aliyonipa.

"Huwa naanza na jina," akasema, akamgeukia mteja aliyekuwa nyuma yangu.

Kwa hiyo mdau wa juzi, jibu langu ni hili. Neno bado lipo, litumie ukipenda. Ila kwanza andika nani, nini kimetokea, na unataka nini. Ukimaliza, angalia kama bado kuna nafasi ya kupiga magoti.

Waliowahi kuandikiwa barua na msomi kama mimi, karibuni mseme. Na waliowahi kuwa msomi huyo, nanyi semeni, nisibaki peke yangu humu.