Bloku ya Chuma na Kuku wa Buganguzi

Niliondoka Kashai kwenda Buganguzi kwa sababu ya shemeji yangu. Tulikubaliana tushindane kwa magari kupanda mlima siku ya Jumapili, na atakayeshindwa aoshe gari la mwenzake mbele ya maduka, watu wakitazama. Mimi kwa tamaa ya kasi nikafunga tabo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa nyingi. Nilipolijaribu kabla ya siku ya mashindano, gari lilinguruma vizuri mpaka kwenye kona ya pili, kisha bloku, yaani lile bonge linalobeba silinda zote za injini, ikapasuka.

Kesho yake asubuhi, mjini Bukoba, nilianzia dukani pamoja na rafiki yangu Athumani, fundi wa gereji. Muuzaji alitutolea bloku ya aluminiamu, nyepesi, inang'aa kama sufuria mpya. Athumani aliipaka mafuta ya taa, akaifuta, akaisugua chaki nyeupe, tukangoja. Mstari mwembamba wa ufa ukajitokeza kati ya silinda mbili. Muuzaji alieleza kuwa huo ni urembo wa kiwandani. Tulimshukuru tukaondoka.

Athumani alisema kwa msukumo wa tabo nahitaji bloku ya chuma yenye kuta nene, hata ikiwa nzito. Akamkumbuka Mama Koku, mjane anayelima kahawa na migomba Buganguzi. Gari la marehemu mumewe lilikuwa limeoza lote, ikabaki bloku tu.

Baada ya Muleba tuliacha lami, na pikapu ya Athumani ikaanza kutikisa hata meno. Mama Koku alitupokea vizuri, akatukaribisha ndizi na maharage, akatuambia bloku tutaipata. Kisha akatupeleka nyuma ya jiko. Ilikuwa imelazwa kichwa chini, tumbo limejazwa nyasi kavu, na juu yake kuku mwekundu alikuwa ameatamia mayai.

Nilipendekeza tumhamishie kwenye kikapu.

"Huyu ukimhamisha anasusa mayai," alisema Mama Koku. "Mchukueni na kiti chake, waitu, ndugu zangu. Akimaliza nitamfuata."

Kwanza ilibidi tuikague. Majirani wawili walisaidiana nami kuinyanyua, kuku juu yake, Athumani akalala chali chini na tochi kutazama silinda. Akaigonga kwa nyundo ndogo, ikalia kama kengele, ishara kwamba haina ufa. Kuku akanidonoa mimi, ambaye sikugonga chochote.

Njiani kurudi tulimfunika kuku kwa kanga asiogope upepo, nami nikakaa nyuma nimeikumbatia bloku. Muhutwe tuliposimama kununua maji, mama mmoja aliuliza kwa huruma mgonjwa anaendeleaje. Athumani alijibu kwamba amepata usingizi. Yule mama akatuombea.

Kashai, kazi ilisimama. Athumani aliweza kusafisha pistoni na kukaza kila kitu, ila bloku yenyewe haikugusika. Kila aliposogea na spana, kuku alivimba manyoya. Shemeji alikuwa akipita kila jioni kuuliza hali ya injini yangu, akicheka mpaka anashika ukuta. Vifaranga vilianza kutoboa mayai Jumamosi, na Jumapili, gari langu likiwa bado halina injini, niliosha la shemeji mbele ya maduka. Alilipitisha kwanza kwenye tope, kwa makusudi.

Wiki iliyofuata Athumani alifunga injini, nayo ikawaka bila kutoa hata tone la mafuta. Mama Koku alipokuja kuchukua kuku wake, niliona aibu kumwacha arudi na bodaboda. Nikamweka kiti cha mbele, boksi la vifaranga mapajani, mama yao miguuni.

Safari hiyo ndiyo iliyonifunza kuchagua bloku. Kwenye mlima mrefu kabla ya Muleba nilikanyaga mafuta, tabo ikapiga mluzi, na chuma kile kikapanda bila kutetemeka, tukayapita malori mawili. Hapo nilielewa kwamba uzito niliokuwa nauogopa ndio ulioishikilia injini isipasuke. Mama Koku alifanya ishara ya msalaba. Nilipofika kileleni nilisimamisha gari, nikamwomba radhi kwa kumtisha.

Alivihesabu vifaranga vyake, akajifunga kitambaa vizuri kichwani.

"Geuza turudi chini, tupande tena," alisema. "Nilikuwa nimefumba macho."