Kifuko chenye Kifungo cha Kijani

Saa tano usiku mshona sare za shule mmoja alikuwa kitandani macho makavu, simu kifuani, akisubiri habari. Ungemwona ungedhani ana mtu chumba cha upasuaji. Hakuwa na mgonjwa yeyote. Alikuwa anasubiri kujua kama wifi yake ameangalia filamu.

"Hajatuma kitu?" mumewe aliuliza kutoka chini ya shuka.

"Kimya."

"Basi lala."

"Nitalalaje, baba? Filamu yenyewe ni saa moja na dakika ishirini. Kazini katoka saa kumi na moja. Tuseme kaoga, kala, kapumzika. Saa tatu kamaliza. Au imemchosha? Ile sehemu ya kuchagua mbao inakwenda taratibu kidogo..."

"Mke wangu, kesho nina choo cha ghorofa ya nne cha kuzibua. Nihurumie."

Fundi bomba akageukia ukutani, na kabla hajamaliza kugeuka akawa anakoroma.

Mama huyu majirani walimwita Dokta, na jina alilipata kwa haki. Shule aliiacha mapema, lakini tangu binti yake amwekee kwenye simu zile filamu zisizo na waigizaji, ambamo wanamuziki wenyewe wanaeleza nyimbo zao zilivyotengenezwa, hakutazama kitu kingine. Alishona pindo za sketi huku simu imeegemea kopo la uzi, na kila aliyeingia kupimwa mabega alitoka na vipimo vyake pamoja na filamu ya kwenda kuangalia.

Aliwaandikia watu filamu kama dawa. Aliyeachwa na mchumba alipewa ile ya mpiga besi aliyefukuzwa na bendi tatu, kisha akaanzisha yake na mama yake mzazi. Mwenye presha alikatazwa kabisa ile ya wapiga ngoma mpaka kwanza aangalie ya fundi wa vinanda, tena akiwa amekaa. Aliyechoshwa na kazi alipewa ya fundi mitambo aliyehangaika siku tisa kutafuta sauti ya mvua, akaja kuipata jikoni, mkewe akikaanga vitunguu. "Hiyo usiangalie na njaa," aliwaonya.

Kila filamu ilikaa kwenye flashi yake, na kila flashi kwenye kifuko alichokishona kwa mabaki ya vitambaa vya sare. Kifungo chekundu kilikuwa cha filamu za waimbaji, cheupe za wapigaji, cha kijani za wanaotengeneza ala. Kuandika hakuandika. Rangi zilimtosha.

Shida ni kwamba watu walimdanganya. "Nimeiangalia, Dokta, nzuri sana!" Naye akiuliza, "Yule mzee alilia wapi?" wanaanza kukohoa. Jengo zima ni mtu mmoja tu aliyeangalia mpaka majina ya mwisho yakapanda yote: wifi yake, dada mkubwa wa fundi bomba, aliyekaa mlango wa pili. Alikuwa karani wa zahanati, kazi yake kuita wagonjwa, na alikuwa na sauti ya kumwamsha hata aliyechomwa sindano ya usingizi. "Namba arobaini na mbili! Arobaini na mbili, umelala?" Jumapili mchana mawifi hawa walikaa sebuleni kwake wakibishana juu ya mpiga tarumbeta gani alikuwa na haki ya kununa, mpaka fundi bomba anakuja kuuliza nani amekufa.

Lakini miezi mitatu iliyopita Dokta aliboronga. Alimpa wifi filamu ya mwimbaji maarufu asiyejua kuimba, ambaye miaka yote alikuwa na mtu wa kumwimbia nyuma ya pazia.

"Kwa hiyo mimi siwezi kuimba," wifi alisema, akirudisha kifuko kwa ncha za vidole viwili.

"Wifi! Nani kasema?"

"Unanisikia nikiosha vyombo, ukaona unifikishie ujumbe kistaarabu."

"Haki ya Mungu nilikupa kwa sababu ya lile pazia! Si ulikuwa unatafuta mapazia?"

Ilikuwa kweli tupu. Lilikuwa pazia zuri mno, la kahawia, lenye marinda mapana. Lakini mlango ulifungwa, na tangu siku hiyo wifi akawa anampita kwenye ngazi kama anayepita nguzo. Jumapili zikarefuka. Dokta alijaribu kuangalia na mumewe, mume akalala kabla jina la filamu halijatokea.

Ndiyo maana jioni ile alipiga moyo konde, akatundika kwenye kitasa cha wifi kifuko chenye kifungo cha kijani. Ilikuwa filamu ya mwanamke atengenezaye magitaa, anayegonga ubao kwa kidole na kuusikiliza kabla ya kuukata. Ndani yake hamna mwimbaji hata mmoja. Dokta aliikagua mara tatu. Wifi akiikataa na hiyo, basi tena. Atabaki na watu wa "nzuri sana" maisha yake yote.

Saa sita kasoro akasikia kitu ukutani. Wifi alikuwa anaimba, na vyombo vinagongana kwenye beseni.

"Saa hizi anaosha vyombo?" alijiuliza. Akachukua glasi, akaiegemeza ukutani, akaweka sikio.

Wifi aliimba ubeti mmoja, akakohoa, sufuria ikadondoka, akasema "Ala!" kisha akaendelea. Dokta akatabasamu gizani. Pakawa kimya kidogo. Halafu wifi akaimba ubeti ule ule, akakohoa kikohozi kile kile, sufuria ikadondoka kwa mlio ule ule. "Ala!"

Akaishusha glasi. Hakuna mtu duniani awezaye kudondosha sufuria namna moja mara mbili. Na sufuria hiyo yeye aliijua. Aliirekodi mwenyewe.

Kwa miezi miwili, kwa siri, Dokta alikuwa anatengeneza filamu yake. Ndani yake mlikuwa na cherehani zikikimbia, mumewe akigonga mabomba, pasi ikipuliza mvuke. Katikati, kwa dakika kumi na nne nzima, wifi aliimba upande wa pili wa ukuta, na picha ilionyesha ukuta. Siku ya kushona kifuko chake aliishiwa rangi nyingine, akaweka kifungo cha kijani, akajiambia, "Hiki nitakikumbuka tu."

Akavamia kapu, akatoa kifuko chenye kifungo cha kijani kilichobaki, akachomeka flashi kwenye televisheni. Mwanamke wa magitaa akatokea, anagonga ubao.

"Baba! Amka! Nimempa wifi ukuta!"

"Ukuta gani?"

"Ukuta wetu!"

Fundi bomba akakaa kitako, macho bado yamefumbwa. "Unavuja?"

Asubuhi Dokta alichungulia kwenye upenyo wa mlango. Wifi alitoka, mkoba begani, akautazama mlango wao, akautazama ukuta wa korido kuanzia juu hadi chini, akatikisa kichwa, akashuka ngazi.

Kazini Dokta alishona shati lenye mikono miwili ya kushoto. Mpiga pasi, mama mwenzake wa miaka mingi, akalinyanyua kwenye mwanga.

"Hili la mwanafunzi gani, anayetembea kiubavu?"

Ndipo akamsimulia yote.

"Yaani ulimrekodi mtu akiosha vyombo?"

"Sauti tu. Picha ni ukuta."

"Huo ni wizi, Dokta. Halafu ukampelekea mwenyewe mpaka mlangoni! Hata mimi humo nimo?"

"Umo. Pasi yako, pale mwanzo."

Mpiga pasi akalishusha shati. "Inasikika vizuri?"

"Kama nyoka mwenye mafua."

"Kamwombe radhi leo leo," mpiga pasi alisema, akikunja lile shati. "Ukimaliza nipatie nakala."

Jioni Dokta alisimama mbele ya mlango wa wifi, kifuko sahihi mkononi. Akabisha hodi. Akabisha tena.

"Wifi, najua upo. Nasikia kijiko."

Kijiko kikaacha kulia.

"Nilichanganya vifuko. Hilo ni kosa. Lakini kukurekodi sikukosea, nilifanya makusudi, mara sita, bila kukuomba, na hilo ni kosa kubwa zaidi. Ukitaka nifute, nitafuta mbele yako." Akausogelea mlango zaidi. "Ila nikwambie kitu. Waimbaji wote ninaowaona, wanalia mbele ya kamera, wana spika kubwa kama makabati, mimi huwa nawapima na wewe na beseni lako. Bado hawajakufikia. Yule wa pazia ndiyo kabisa."

Nyuma yake mlango wao ukafunguka kidogo, kichwa cha mumewe kikachomoza.

"Dada, mfungulie! Mimi usiku wa pili sitauweza!"

Kitasa kikageuka. Wifi alisimama mlangoni, mikono ya blauzi imekunjwa hadi kwenye viwiko, uso wa kuita namba arobaini na mbili.

"Dakika kumi na nne za ukuta," alisema. "Ingekuwa si mimi ninayeimba, ningezima."

"Kwani... uliangalia yote?"

"Mara tatu. Na nikasubiri majina yapande mwishoni, hayakupanda. Mimi sitajwi?"

Dokta akachungulia ndani. Nyuma ya wifi, mezani, aliona beseni limejaa maji, na kando yake sufuria zimepangwa kuanzia kubwa hadi ndogo, zimefunikwa midomo kwa vitambaa zisilie, isipokuwa ile inayodondoka vizuri.

"Na siku ile nilikuwa na kikohozi, huo ubeti tunarudia," wifi alisema. "Simu yako ina chaji?"

"Imejaa, wifi."

"Basi ingia. Viatu nje, vinapiga kelele. Na ufunge mlango, watu wa ngazini wasije wakaingia kwenye filamu yetu."

Dokta akavua viatu, akaingia, akausukuma mlango kwa bega, taratibu, mpaka ukajifunga bila hata kulia.