Ukuta wa Wabebaji

Philomena wa Muyama alikuwa fundi wa kupaka kuta, hilo hakuna wa kumbishia. Kwa udongo mweupe na mwekundu alizipamba nyumba za kijiji cha ujamaa, zilizojengwa kwa amri, mpaka zikaonekana za watu waliohamia kwa hiari.

Dada yake alifia njiani akiwa amebebwa kwenye ngobyi, machela ya kusuka ya Waha. Hapakuwa na fedha ya kukodi lori la Dadi, mfanyabiashara wa Kasulu, wala ya kulipia upasuaji hospitali ya misheni. Tangu hapo Philomena akawa na neno moja tu: kila nyumba ikiuza kahawa itoe kidogo, kiwekwe kwenye sanduku la wagonjwa. Watu wakaitikia vizuri sana. "Akiba haiozi," wakasema, kisha wakaenda kunywa pombe ya ndizi.

Basi akaachana na maneno. Kwenye ukuta wa ghala, kando ya njia ya kisimani, akachora ngobyi kubwa, tupu, imelala chini. Kila nyumba iliyochanga aliichorea mbebaji wake, na alama ya kumtambulisha: huyu jembe, yule kofia, yule kibuyu. Loo, walivyokimbilia! Ambaye hakuwa ukutani aliona haya kupita pale na ndoo yake. Ngobyi ikainuka mabegani mwa watu. Philomena akaongeza na sharti: siku fedha itakapotumika, wote watafutwa na kuanza upya, mtu asije akabweteka.

Sharti hilo ndilo lililoleta balaa. Wa kwanza kusaidiwa alikuwa mzee Reverien, aliyekuwa na ugonjwa wa mshipa. Akapasuliwa, akapona, akarudi kwa miguu yake. Ukuta ukafutwa. Unadhani walimshukuru Mungu? Kisimani wakamsema mkewe: "Mume wa huyu ndiye aliyetufuta." Philomena alisikia, akacheka. Aliona uchungu huo utawafanya wachange upesi, na kweli walichanga, ukuta ukajaa kuliko mwanzo. Ila watu wakaanza kuugulia ndani, milango imefungwa.

Binti yake wa pekee, Maximilla, alikuwa ameolewa na Tharsisi hapo hapo kijijini, na alikuwa na mimba ya kwanza. Uchungu ulipomshika alinyamaza. Jua likazama, likachomoza, mtoto hatoki. Tharsisi akataka kumkimbilia mkwewe.

"Usiende," Maximilla akamshika shati. "Wakifutwa kwa ajili yangu, mama atawatazamaje? Ngoja kidogo. Huyu anakuja."

Tharsisi akangoja. Nikimkumbuka namkasirikia, kisha namhurumia, maana naye alikuwa ukutani na kibuyu chake, na alikipenda. Alipokuja kuondoka, mkewe alikuwa hawezi tena kumshika.

Philomena akaingia mbio. "Mwanangu, kwa nini? Fedha ipo! Ipo tele!"

"Ego, mama, ipo," Maximilla akasema kwa shida. "Nimeiona ukutani."

Wanaume wakamweka kwenye ngobyi, wale wale waliochorwa, wakashika njia ya barabarani. Mtu alikwishatumwa kwa Dadi. Kabla lori halijaonekana, Maximilla akakata roho, na mtoto tumboni.

Matangani watu wakatikisa vichwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, wakasema. Hakuna aliyeuliza nani alimfundisha kuficha. Philomena alijua, na kujua huko kulimtafuna vibaya kuliko msiba wenyewe.

Matanga yalipokwisha akaenda ghalani na kitambaa kibichi, akaanza kufuta.

"Mama Maximilla, pole," mwanamke mmoja akamwambia kwa upole, ndoo kichwani. "Lakini mbona unatufuta? Fedha haikuguswa."

Philomena akakamua kitambaa, akaendelea. Alifuta jembe, akafuta kofia, akafuta wote. Alipofika kwa mbebaji mwenye kibuyu, wa nyumba ya binti yake, mkono ukamgomea. Akamwacha peke yake chini ya ngobyi, hana wa kumpokea.