Kioo Kiliwaka, Sauti Ikazimwa

Lucienne Giramia hufanya kazi kioo cha kompyuta kikiwa kimezimwa. Macho yake hayaoni tangu surua ya utotoni, basi mwanga wa nini? Unakula betri bure, na hapa Bunia umeme ukiondoka hauagi. Yeye husoma kwa masikio: kila herufi anayoigusa, sauti ya mashini humtajia, na hivyo ndivyo anavyochapa barua zote za shirika lao.

Siku wafadhili walipokuja na kamera, mkubwa wake, Olivier, alikiwasha kioo kikang'aa. "Watu wanapenda kuona, Mama Lucienne." Mpiga picha naye akalalamika kwamba ile sauti inamharibia video. Olivier akaizima.

"Shefu, sisikie kitu tena. Niandike nini?"

"Chezesha tu vidole, mama. Haiko ya kusoma, iko ya picha."

Lucienne akachezesha vidole juu ya mashini bubu, kama mtu anayepapasa sakafuni kutafuta ufunguo ulioanguka. Wageni wakapiga makofi. Mama mmoja akamshika bega, akasema kwa Kifaransa laini kwamba kweli mashini hii imemrudishia macho. Lucienne alitamani kumuuliza: macho yapi?

Leo picha ya siku hiyo, kubwa, imetundikwa mlangoni mwa ofisi. Kila anayeingia humsifu kwa kazi yake: "Mama, unatumika muzuri sana pale!"

"Aksanti," hujibu Lucienne.

Walimpiga picha saa ile ile walipompofusha.