Maneno Yaliyomezwa na Karani

Watu wa Thika waliomsikia Absalom Ochola kwenye mikutano ya wafanyakazi mwaka wa hamsini na tisa, akisema dakika tano tu na watu wakikataa kuondoka, hawaamini kwamba huyo huyo aliwahi kulaza kambi nzima usingizi mchana kweupe. Lakini aliwalaza, na kulala kwao kuliwatia hasara.

Ilikuwa Ruiru, mwaka wa hamsini na tano, kwenye shamba moja la kahawa. Wenyeji wengi walikuwa wamekamatwa kwa ile hali ya hatari iliyotangazwa na Serikali, mashamba yakataka mikono, na Absalom akaja kutoka Nyanza na mkewe Benta na binti yao mdogo Awiti. Akawekwa kwenye mtambo wa kumenya kahawa. Mtambo huo ulitema maganda na uchafu wake wote mtoni, na hatua mia mbili chini yake ndipo wanawake wa kambi walipoamriwa kuchota maji. Juu ya mtambo mto ulikuwa safi, lakini huko ni kwa meneja. Mwanamke akionekana na debe, nyapara alimtimua kwa fimbo. Hebu niambie, hiyo ni haki? Watoto wanaharisha, Awiti amekonda mpaka shanga zinamteleza kiunoni, na kule juu mtu anamwagilia maua yake maji safi asubuhi na jioni!

Afisa wa serikali wa mambo ya kazi, waliyemwita Bwana Leba, alipoitisha baraza, kambi ilimchagua Absalom awasemee. Naye akaanza kusalimu. Akawasalimu wazee, akawasalimu akina mama, akamsalimu Bwana Leba na jamaa zake wote walioko Nairobi. Akaishukuru Serikali. Akalishukuru shamba. Akaeleza safari yake ya gari la moshi kutoka Kisumu, stesheni baada ya stesheni, na alipofika Nakuru watu walikuwa wanasinzia. Maji aliyataja mwisho kabisa, sauti imeshamkauka. Erastus, karani wa shamba aliyekuwa akitafsiri, akamgeukia Bwana Leba na kutoa sentensi moja ya Kiingereza. Bwana Leba akatabasamu, akampa Absalom mkono, akaingia garini. Absalom akarudi nyumbani kifua mbele.

Jioni hiyo Salehe, mpishi wa meneja, akaja mlangoni. Alikuwa akiwapa wageni chai pale barazani, na Kiingereza alikifahamu vizuri, cha kusema na cha kusoma.

"Unajua karani alisema nini?"

"Si alisema habari ya maji?"

"Maji gani! Alisema watu wa kambi wanaishukuru Serikali na hawana la kuongeza."

Absalom aliruka akashika panga. Salehe akamzuia mlangoni kwa mikono miwili.

"Keti, bwana. Erastus ni mwovu, sikatai. Lakini wewe ndiye uliyemfungulia mlango. Shukrani zako zilijaa kapu, malalamiko yako hayajazi hata kijiko. Na nani angembishia? Watu wote walikuwa wanakoroma, hata mimi na birika langu mkononi, mpaka Kiingereza cha karani kiliponizindua!"

Maneno hayo yalimchoma. Alimchukia Erastus, na alijichukia mwenyewe zaidi, maana kila asubuhi alimwona Benta akipanda na debe la maji yale yale yanayonuka. Basi akaanza kujifunza upya. Jioni alisimama mbele ya Benta, aliyekuwa akipukuchua mahindi, na kila alipoanza "Kwanza kabisa ningependa kuwasalimu," punje ilimpata kwenye paji la uso.

"Baba Awiti! Mtoto anaumwa, wewe unasalimu nani? Sema vile unavyonifokea mimi chakula kikichelewa."

Salehe naye alimwongezea lake. "Kiswahili cha yule Mzungu ni cha jikoni. Lakini maji anayajua, mtoto anamjua, mbaya anaijua. Tumia hayo hayo, na karani usimpe nafasi hata ya kupumua."

Miezi minne baadaye Bwana Leba akarudi. Absalom akasimama, na hakusalimu. Watu wakashtuka, wakainua vichwa.

"Maji ya kambi ni mbaya," akasema, akimkazia macho mgeni. Erastus akafungua kinywa, lakini Absalom alikuwa ameshawageukia watu. "Mnachota wapi?"

"Chini ya mtambo!"

"Mtoto wa nani mgonjwa?"

"Wangu!" akapaza sauti Benta, akasimama na Awiti mgongoni. "Wangu!" akajibu wa pili. Wakasimama akina mama safu nzima.

"Juu, maji mzuri, ya meneja. Chini, maji mbaya, ya mtoto."

Erastus akaanza kumwaga Kiingereza haraka haraka, jasho likimtoka. Bwana Leba akamnyamazisha kwa mkono. "Nimesikia," akasema kwa Kiswahili. "Twende mtoni."

Bomba lilifika kambini baada ya wiki tano, na Awiti akaanza kurudisha mashavu. Wiki hiyo hiyo meneja akamfukuza Absalom kazi. Ala! Mtu anafukuzwa kwa kusema maji ni machafu, na bomba liko pale linamshuhudia!

Kambi ilimsindikiza mpaka langoni. Huko Erastus alikuwa akingoja na barua ya Kiingereza kutoka kwa meneja, ya kuonyesha popote atakapoomba kazi, akamwambia atie sahihi kwamba ameipokea.

"Kwanza isome," Absalom akasema. "Kwa Kiswahili, neno moja moja, na kwa sauti, wenzangu wasikie."

Salehe alikuwa amekuja kusimama begani mwa karani, macho kwenye karatasi. Erastus alimtazama, akasoma.

"Mtu huyu anajua kazi ya mtambo. Halewi. Haibi." Akaanza kuikunja barua.

"Endelea!" wakasema wanawake.

"Lakini asiandikwe kazi mahali penye watu wengi, kwa sababu akisema, watu wanamsikiliza."